Ushuru wa Nyumba Nakatwa, Nyumba Naipataje?

Mwezi huu barua nyingi zilizotufikia zinauliza jambo moja: serikali inamsaidiaje Mkenya anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza? Tumechagua barua saba na kuzifupisha. Mahali penye hesabu tumeitoa hadharani, ili nawe uirudie kwa mshahara wako.

“Mimi ni karani Thika, mshahara wangu Sh60,000. Kila mwezi nakatwa Sh900 za ushuru wa nyumba. Mwenzangu ofisini anashikilia kwamba pesa hizo zinawekwa kwa jina langu, na zikifika kiasi fulani nitapewa nyumba. Ni kweli?”

Si kweli, ndugu karani, ila mwenzako hakuyatoa hewani. Mpango wa kwanza, ule wa Sheria ya Fedha ya 2018, ulikuwa wa mchango: mchangiaji angetumia pesa zake kununua nyumba, na asiyepata nyumba angezidai baada ya miaka 15. Mpango ule haukusimama. Uliorudi 2023 ulikuwa mnyama mwingine. Mahakama Kuu iliuharamisha tarehe 28 Novemba 2023, Bunge likatunga Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, Rais akaitia saini tarehe 19 Machi 2024. Chini ya sheria hiyo, asilimia 1.5 ya mshahara wako wa jumla, na asilimia 1.5 nyingine anayoilipa mwajiri wako, ni ushuru. Huwezi kuudai kama usivyoweza kuidai VAT uliyolipa dukani. Hakuna akaunti yenye jina lako, na Sh10,800 ulizokatwa kwa mwaka hazihesabiwi katika bei ya nyumba yoyote.

Kuna nafuu ndogo ambayo wengi hawaioni. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, ushuru huo unaondolewa kwenye mshahara kabla ya PAYE (kodi ya mapato anayokukata mwajiri) kupigwa. Kwa mshahara wako, shilingi ya mwisho inatozwa asilimia 30, kwa hiyo Sh900 zinakupunguzia PAYE kwa Sh270. Maumivu halisi ni Sh630. Chukua payslipu yako na uitazame: ikiwa PAYE imepigwa kabla ya ushuru wa nyumba kutolewa, mwajiri wako anakukata kupita kiasi, na una haki ya kwenda kwa mhasibu kuuliza.

Msaada wenyewe umetawanyika. Kuna nyumba za mpango wa bei nafuu zenye bei na masharti yaliyopunguzwa, mkopo wa riba ya chini, msamaha wa ushuru wa stempu (unaotozwa nyumba ikibadilisha mwenyewe), nafuu ya kodi kwenye riba, na ruhusa ya kugusa pensheni. Hakuna mahali serikali inakuandikia hundi. Na kila mlango una karatasi zake. Ukikosa moja, mlango haufunguki hata kama unastahili.

“Nimejisajili Boma Yangu tangu 2021, mpaka leo sijapigiwa simu. Mimi ni nesi, naishi Kakamega. Nifanye nini zaidi?”

Dada nesi, kujisajili Boma Yangu, tovuti ya serikali ya kuombea nyumba za bei nafuu, ni kuingiza jina langoni tu. Hakukupi foleni ya kusubiri kupigiwa simu. Watu wengi hujisajili, kisha hukaa kama waliopeleka barua ya kuomba kazi. Nyumba hugawiwa mradi kwa mradi: mradi ukitangazwa, ni wewe unayeingia, unayeuchagua, unayechagua ukubwa wa nyumba na unayelipa amana.

Ingia tena kwenye akaunti yako, kwa tovuti ya bomayangu.go.ke au kwa kupiga *832#, ukague mambo haya. La kwanza ni majina. Majina yaliyo kwenye kitambulisho, kwenye PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) na kwenye laini ya simu yalingane. Aliyeolewa akabadilisha kitambulisho lakini PIN ikabaki na jina la ubini wa baba ndiye anayekwama zaidi, na hakwami siku ya kujisajili. Hukwama siku ya kuandika mkataba, wakati amana imeshalipwa. Rekebisha PIN kwanza.

La pili ni laini ya simu. Kama 2021 ulitumia laini ya mdogo wako au ya jamaa wa saiba, ujumbe wote unakwenda huko, pamoja na namba za siri. Badilisha namba na nywila sasa hivi.

La tatu ni kipato. Sheria inagawa waombaji kwa pato la mwezi: chini ya Sh20,000 ni nyumba za kijamii, Sh20,000 hadi Sh149,000 ni nyumba za bei nafuu, zaidi ya hapo ni nyumba za watu wa kipato cha kati, zenye masharti yanayokaribia ya soko. Ikiwa 2021 ulikuwa kibarua wa zahanati kwa Sh18,000 na leo uko kwenye orodha ya kaunti kwa Sh52,000, akaunti yako inasema uongo bila wewe kukusudia. Kipato ulichojaza kikipingana na payslipu, ombi linarudishwa. Usikipunguze makusudi ili upate nyumba ya bei ya chini. KRA inauona mshahara wako kila mwezi.

La nne ni akiba. Tovuti inakuwezesha kuweka pesa kidogo kidogo kuelekea amana. Hii ndiyo akiba yako ya hiari, tofauti kabisa na ule ushuru wa kukatwa. Amana ni asilimia ya bei, nayo hutajwa kwenye tangazo la mradi husika. Kwenye nyumba ya Sh1.5 milioni, kila asilimia 5 ni Sh75,000. Anayeanza kuzitafuta siku mradi unapotangazwa huwa ameshachelewa.

Kujisajili ni bure. Anayekuambia “nipe elfu tano jina lako lipande juu” anakuibia, hata kama amevaa kitambulisho shingoni. Lipa kwa njia inayoonyeshwa ndani ya akaunti yako pekee, kisha urudi uhakikishe malipo yameonekana humo. Picha ya ujumbe wa M-Pesa haitoshi.

“Assalamu alaikum. Nauza mboga soko la Kongowea, sina payslipu. Kwa mwezi nabaki na kama Sh35,000 hadi Sh45,000. Wajukuu wanasema nyumba za serikali ni za walioajiriwa tu. Kuna njia?”

Waalaikumu salaam, mama. Njia ipo. Sheria ya 2024 haisemi mwajiriwa. Inasema mtu na pato lake. Shida yako ni kuthibitisha pato, na hapo ndipo wafanyabiashara wadogo wengi huangushwa na jambo ambalo wao wenyewe walilifanya bila kujua.

Jambo hilo ni ritani za sifuri. Kila Juni mtu huenda saiba, analipa Sh200, kijana anabofya mara tatu, “nil return” imekwisha. Umeiambia serikali kwa maandishi, mwaka baada ya mwaka, kwamba huna kipato. Kisha unakuja kuomba nyumba ukisema unabaki na Sh40,000 kwa mwezi. Karatasi zako mbili zinapigana, na wakopeshaji huziweka kando kando.

Anza kurekebisha mwaka mmoja au miwili kabla ya kuomba. Daftari la mauzo liwe la kila siku: tarehe, mauzo, gharama ya mzigo, kinachobaki. Malipo ya wateja yapitie till au laini moja ya simu, isiwe hiyo hiyo unayotumia kumtumia mjukuu karo. Taarifa ya M-Pesa ya miezi 12 yenye pesa za biashara tupu ni ushahidi mzuri. Iliyochanganyika na harambee na mazishi humchosha anayeisoma. Chama chako nacho kiwe na kumbukumbu, maana siku zamu yako ikifika na Sh120,000 zikaingia kwa mpigo, utaulizwa zimetoka wapi. Karatasi ya chama yenye majina ya wanachama, kiwango cha mchango na sahihi ya mweka hazina hujibu swali hilo.

Halafu kodi. Mauzo yako ya mwaka mzima, si faida, yakizidi Sh1 milioni na yasizidi Sh25 milioni, kodi ya mauzo ni asilimia 3 ya mauzo. Muuza mboga anayeuza Sh5,000 kwa siku ameshavuka milioni kabla mwaka haujaisha. Juu ya hapo, sheria ya 2024 inamdai asiyeajiriwa naye asilimia 1.5 ya nyumba. Tunajua si habari tamu. Lakini piga hesabu ya pande zote kabla ya kuamua, kwa sababu mwenye ritani safi za miaka miwili hufunguliwa hata milango ya Sacco na benki, mbali na Boma Yangu.

Kwenye nyumba za kijamii na nyingi za bei nafuu kuna utaratibu wa mpangaji-mnunuzi: unalipa amana, unahamia, kisha unalipa kila mwezi kwa miaka mingi, na hati inakuja kwako ukimaliza. Haufanani na mkopo wa benki. Uliza mambo matatu kabla ya kutia kidole: malipo ya mwezi ni kiasi gani na yanaweza kupanda, ada ya huduma ya jengo iko ndani ya malipo hayo au nje, na ukishindwa kulipa miezi kadhaa, kile ulichokwisha kulipa kinahesabiwaje. Mpeleke mjukuu anayesoma vizuri akusomee ukurasa wa kushindwa kulipa. Watu huruka ukurasa huo.

“Ni fundi mitambo kiwandani Athi River, mshahara Sh60,000. Nimeona nyumba ya Sh3 milioni, nina amana ya Sh300,000. Benki moja inataka riba ya asilimia 15. Nimesikia kuna mkopo wa serikali wa asilimia 9. Tofauti ni kubwa kiasi cha kuhangaikia?”

Ni kubwa kiasi cha nyumba nyingine, fundi. Mkopo wako ni Sh2.7 milioni. Tuseme miaka 20. Kwa asilimia 15 utalipa kama Sh35,550 kwa mwezi. Kwa asilimia 9 utalipa kama Sh24,300. Tofauti ni Sh11,250 kwa mwezi, na mara miezi 240 inafika Sh2.7 milioni, yaani mkopo mwingine mzima.

Mkopo huo hautolewi na serikali moja kwa moja. Kuna Kampuni ya Kenya ya Kufadhili Upya Mikopo ya Nyumba, KMRC, iliyoundwa 2018 na kupewa leseni na Benki Kuu Septemba 2020. KMRC inazikopesha benki na Sacco wanachama kwa riba ya chini na kwa muda mrefu, nazo zinakukopesha wewe kwa riba ya tarakimu moja. Ofisi ya KMRC haina dirisha la mkopaji. Nenda kwa benki au Sacco, na swali lako liwe hivi: “Mna mkopo wa nyumba wa KMRC, na nyumba hii inaingia kwenye kikomo chake?” Ukiuliza tu “riba yenu ni ngapi?” utapewa bei ya kawaida ya mkopo wa kawaida, na afisa hatakuwa amekudanganya.

Kikomo kipo cha mkopo na cha kipato. Mwanzoni kile cha mkopo kilikuwa Sh4 milioni kwa Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, na Sh3 milioni kwa kaunti nyingine, kisha kikapandishwa zaidi ya mara moja. Athi River iko Machakos, kwa hiyo mkopo wako unapita hata kwa kipimo kile cha zamani.

Sasa mshahara. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinataka makato yote yasizidi thuluthi mbili ya mshahara. Lazima ubaki na thuluthi moja, kwako Sh20,000. Makato ya lazima kwa Sh60,000 ni haya: NSSF (akiba ya uzeeni) Sh3,600, SHIF (bima ya afya) ya asilimia 2.75 ni Sh1,650, ushuru wa nyumba Sh900. Pato linalotozwa kodi linabaki Sh53,850, na PAYE, baada ya kuondoa nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400, ni kama Sh8,540. Jumla ni Sh14,690. Unabaki na Sh45,310 mkononi. Toa Sh20,000 zisizoguswa; nafasi ya mkopo ni Sh25,310.

Malipo ya Sh24,300 yanaingia, kwa pumzi moja tu. Ya Sh35,550 hayaingii kabisa. Benki ile ya asilimia 15 ingekukataa ama ingekupunguzia mkopo. Na ikiwa una mkopo wa Sacco wa Sh5,000 kwa mwezi ambao hukuutaja kwenye barua, hata ule wa asilimia 9 umekwama. Kurefusha hadi miaka 25 hushusha malipo hadi kama Sh22,660, ambayo bado hayaachi nafasi ya Sh5,000 za Sacco. Maliza deni la Sacco kwanza, hata kama itachukua mwaka. Mikopo ya simu nayo ilipe uifunge yote, kisha usubiri rekodi yako ya CRB (ofisi inayotunza kumbukumbu za wakopaji) isasishwe kabla ya kupeleka ombi. Deni la Sh800 lililosahaulika kwenye programu ya simu limeshaharibu mikopo ya mamilioni.

Habari njema: riba ya mkopo wa nyumba unayoishi mwenyewe huondolewa kwenye pato kabla ya PAYE, hadi Sh360,000 kwa mwaka, yaani Sh30,000 kwa mwezi. Kikomo kilikuwa Sh300,000 mpaka tarehe 27 Desemba 2024. Mwezi wako wa kwanza, riba ni Sh20,250. Pato linalotozwa linashuka kutoka Sh53,850 hadi Sh33,600, na PAYE inapungua kwa kama Sh6,075. Hiyo ndiyo pesa ya ada ya huduma, maji na basi. Inapungua polepole kadiri riba inavyopungua.

Haiji yenyewe. Omba benki barua inayoonyesha riba, mpelekee mhasibu wa kiwanda airekebishe PAYE yako. Asipofanya hivyo, idai mwenyewe kwenye ritani ya iTax, tovuti ya KRA, kabla ya tarehe 30 Juni, ukiwa na PIN ya KRA ya benki, namba ya akaunti ya mkopo na riba ya mwaka mzima. Ukipangisha nyumba hiyo ukaenda kuishi kwingine, nafuu hii inakatika, kwa kuwa ni ya mwenye kuishi humo. Ni ya nyumba moja tu.

“Nanunua ghorofani Syokimau kwa mjenzi binafsi, Sh4 milioni. Ni nyumba yangu ya kwanza maishani. Wakili ananiambia niandae Sh160,000 za ushuru wa stempu. Si tuliambiwa mnunuzi wa kwanza halipi?”

Wakili wako yuko sahihi. Sheria ya Fedha ya 2018 iliingiza msamaha kwenye Sheria ya Ushuru wa Stempu, lakini soma maneno yake yote: ni uhamisho wa nyumba iliyo chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu, kwenda kwa mnunuzi wa nyumba kwa mara ya kwanza. Masharti ni mawili na yote yatimie. Wewe umetimiza la pili. Nyumba ya mjenzi binafsi isiyo kwenye mpango inatozwa asilimia 4 mjini, asilimia 2 mashambani.

Kuna wajenzi binafsi ambao miradi yao imeingizwa kwenye mpango, na kuna wanaoandika “affordable” kwenye bango la barabarani tu. Neno kwenye bango halina nguvu ya kisheria. Muulize mjenzi barua ya kuidhinishwa kwa mradi, umpe wakili aihakikishe. Ifanye kabla ya kutia saini mkataba, kwa maana baada ya hapo hakuna la kujadili.

Ushuru hupigwa kwenye thamani anayoikubali mthamini wa serikali. Mkataba ukisema Sh4 milioni naye akaona Sh4.5 milioni, utalipa Sh180,000. Usikubali ushauri wa kuandika bei ya chini kwenye mkataba. Mbali na kuwa kosa, benki itakukopesha kwa hiyo bei ya chini. Ukikopa, kuna ushuru mwingine mdogo wa asilimia 0.1 kwenye dhamana, Sh3,600 kwa mkopo wa Sh3.6 milioni. Weka pia ada ya wakili wako, ya wakili wa benki ambayo mara nyingi unailipa wewe, ya uthamini, ya usajili, na bima. Hizi zote hazimo kwenye bei ya nyumba wala kwenye mkopo. Mwenye amana kamili na mfuko mtupu hukwama hapa, na mkataba unampa siku chache tu kabla ya kuanza kutozwa riba ya ucheleweshaji.

Ukiwa hapo hapo Syokimau, hakikisha upekuzi rasmi wa ardhi umefanywa kwa namba ya kiwanja mama, yaani ardhi lilikojengwa jengo zima, na uliza hati yako itatoka chini ya Sheria ya Sectional Properties ya 2020. Hati hiyo ni ya ghorofa yako yenyewe. Mkataba wa zamani wa kumiliki hisa za kampuni ya jengo ni kitu kingine.

“Nina miaka 38, pensheni yangu ya kazini imefika Sh1.8 milioni. Naweza kuitoa ninunue nyumba?”

Sehemu yake, ndiyo. Tangu 2020 kanuni zinamruhusu mwanachama ambaye hajastaafu kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake kununua nyumba ya kuishi, isizidi Sh7 milioni. Kwako ni Sh720,000. Pesa hazipiti mkononi mwako. Wadhamini wa mfuko hulipa anayeuza. Njia ya pili ni ya zamani zaidi: kuweka hadi asilimia 60 kama dhamana ya mkopo wa nyumba, kwako Sh1,080,000, bila kutoa hata senti. Ukilipa mkopo vizuri, pensheni inabaki nzima.

Kama unachokosa ni amana, ya kwanza inakufaa. Kama unayo amana na benki inasita, chukua ya pili. Kwa maoni yetu, mtu wa miaka 38 asikimbilie asilimia 40 kwa sababu tu ipo. Sh720,000 zikizaa asilimia 9 kwa mwaka hadi miaka 60 zingekaribia Sh4.8 milioni. Zikikuepusha na mkopo wa asilimia 15, hesabu inageuka na kutoa kunakuwa na maana. Mwombe meneja wa mfuko taarifa ya akiba ya leo, si ya Desemba iliyopita, na fomu ya wadhamini. Vikao vya wadhamini huwa vya robo mwaka, kwa hiyo usimwahidi muuzaji wiki mbili.

“Mimi niko Doha, mke wangu yuko Nakuru. Tumejisajili sote wawili Boma Yangu. Tukipata mbili, tutaishi moja na kupangisha au kuuza nyingine. Kuna ubaya?”

Mtu mmoja hupewa nyumba moja, na mkiwa wawili mmeandika kwa ukweli kwamba mmeoana, mtegemee kuulizwa. Kuhusu kuuza, sheria ya 2024 iko wazi: huwezi kuuza, wala kukubaliana kuuza, bila kibali cha maandishi cha Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Mkataba wa kichinichini na jirani hauna mguu mahakamani, na pesa zake ukishazila ni deni.

Unganisheni nguvu kwenye nyumba moja. Kama ni kwa mkopo, jueni kwamba dhamana juu ya nyumba ya ndoa haisimami bila idhini ya mwenzi, kwa hiyo mke wako atatia saini hata kama jina ni lako peke yako. Kwa upande wako wa Doha, andaa mkataba wa kazi, taarifa za benki za mshahara unaoingia kila mwezi, na ritani za KRA zilizosasishwa. Umpe mke wako uwakilishi wa kisheria (power of attorney) ulioandikwa na wakili, ukatiwa saini na kuthibitishwa huko uliko, kisha ukasajiliwa huku. Ule wa kutumwa kwa picha ya WhatsApp hausajiliwi. Pesa ya amana itoke kwenye akaunti yako iende moja kwa moja kwenye akaunti ya mradi au ya wakili. Ikipitia kwa shemeji, hata awe mwaminifu kiasi gani, risiti itatoka kwa jina la shemeji.